Rebmann: Mtu Aliyeitwa Mwongo kwa Sababu ya Theluji ya Kilimanjaro

Huku kwetu Uyole msimu huu wa kipupwe si mchezo, na ndugu zetu wa Makete na Mufindi wanajua habari ya kuamka asubuhi na kukuta sakitu nyeupe juu ya majani. Hebu shikeni hapo hapo kwenye sakitu, maana habari yangu ya leo ni ya baridi, mlima, na mtu aliyedhihakiwa kwa kusema kile alichokiona kwa macho yake. Najua dakika zako za kafe zinahesabika, ila hii isome mpaka mwisho.

Shuleni wote tulikariri sentensi moja: Mzungu wa kwanza kuuona Mlima Kilimanjaro ni Johannes Rebmann, mwaka 1848. Ukijibu hivyo unapata maksi yako, unaendelea na swali la pili. (Wachaga walikuwa wanauona kila asubuhi tangu enzi, lakini hilo tuliache.) Mimi nilikaa na sentensi hiyo miaka mingi bila kujua kwamba jibu lile la maksi moja lilimgharimu mwenyewe miaka mingi ya kuitwa mwongo. Mwalimu hakutuambia, na kitabu hakikuandika. Ndiyo maana leo naandika mimi.

Rebmann alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 katika mji mdogo wa Gerlingen, karibu na Stuttgart, Ujerumani. Hakuwa mtoto wa wakubwa. Alisomea umisionari Basel kule Uswisi, nchi ya milima yenye theluji, kisha akaenda Uingereza akajiunga na chama cha wamisionari wa Kianglikana, CMS. Mwaka 1846 akafika Mombasa, ana miaka 26.

Pale alimkuta mwenzake, Ludwig Krapf, ambaye miaka miwili nyuma, 1844, alikuwa amemzika mke wake na mtoto wake mchanga hapo hapo Mombasa. Mwaka huo huo wa 1846 hao wawili, wote wakisumbuliwa na homa, wakapanda kwenda kufungua kituo Rabai, kwenye vilima nyuma ya Mombasa. Yaani walianza kazi wakiwa wagonjwa. Krapf aliondoka 1853 kwa sababu ya afya. Rebmann alibaki. Aliishi upande huu wa dunia miaka 29 bila kurudi kwao.

Sasa twende mlimani. Mwishoni mwa Aprili 1848 alitoka Rabai na msafara mdogo kuelekea Uchagani. Kiongozi wa msafara alikuwa Mswahili mmoja aliyeijua njia, Bwana Kheri. Rebmann mwenyewe alikwenda na Biblia na mwavuli. Asubuhi ya tarehe 11 Mei aliona kitu cheupe juu ya mlima mmoja mrefu, akadhani ni wingu. Akamuuliza kiongozi wake ni nini kile. Bwana Kheri hakuwa na neno la theluji, ataipata wapi mtu wa pwani? Akamjibu kwamba ni baridi. Basi! Rebmann, kijana wa Ujerumani aliyesoma Uswisi, akaelewa mara moja kwamba anatazama theluji.

Shajara yake inaonyesha alichofanya baada ya hapo. Alikaa chini kupumzika, akafungua Biblia, na kwa mpangilio wake wa kusoma akawa amefika Zaburi ya 111, ile inayohusu ukuu wa matendo ya Mungu. Akaisoma akiwa anautazama mlima. Wadau, naomba muikumbuke picha hii, tutaihitaji huko mbele.

Alikwenda Uchagani mara tatu, 1848 na 1849. Watu wakamsimulia habari za waliotumwa kwenda juu kuchukua kile kitu cheupe wakidhani ni fedha, wakarudi na mikono na miguu iliyoharibika kwa baridi, na ile fedha ikageuka maji. Safari ya tatu alitaka kupita Machame aende mpaka Unyamwezi. Mangi Mamkinga akammaliza karibu mali yote aliyobeba kwa njia ya kudai zawadi, mpaka ikabidi arudi Rabai mikono mitupu. Lakini taarifa yake ya kwanza ilishafika London, na mwaka 1849 ikachapishwa katika jarida la chama chake.

Hapo ndipo moto ulipowaka.

London kulikuwa na msomi aliyeitwa William Desborough Cooley. Huyu bwana aliheshimika kama bingwa wa jiografia ya Afrika. Alisoma vitabu vya Waarabu, alisoma kumbukumbu za Wareno, alichora ramani, alibishana na kila mtu. Kitu kimoja tu hakukifanya: hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki. Huyo ndiye aliyeamua kwamba theluji karibu na mstari wa Ikweta ni hadithi. Aliandika hivyo kwenye magazeti ya wasomi, na mwaka 1852 akatoa kitabu kizima kuhusu Afrika ya ndani ambamo aliendelea kumshambulia Rebmann. Kwamba macho yake ni mabovu. Kwamba aliona mawazo yake mwenyewe akayaita mlima. Na kwa sababu Cooley alikuwa na jina, na Rebmann alikuwa mmisionari tu porini, wakubwa wengi wa jiografia waliona ni salama zaidi kuitilia shaka ile theluji. Mwisho wa 1849 Krapf akauona Mlima Kenya kutoka Ukambani, nao una theluji. Naye akatiliwa shaka vile vile.

Ili muelewe ilivyokuwa, chukua mtu wa Kyela ambaye hajawahi kupanda hata kufika Tukuyu. Kyela ni joto, mpunga na kokoa. Sasa umwambie kwamba pale juu Kitulo, si mbali na kwake, kuna usiku wa baridi ya kuunguza majani. Akubishie. Asiishie hapo, aandike kitabu kwamba wewe uliyetoka Kitulo jana huoni vizuri. Na wenye vyeo Dar wamwamini yeye kwa sababu kitabu chake kina jalada gumu! (Wanyakyusa mnisamehe, ni mfano tu, najua mnapajua Kitulo kuliko mimi.)

Sasa mtu atasema, si maneno tu hayo? Maneno hayavunji mfupa. Jamani, anayesema hivyo hajawahi kuyapata yale yenyewe. Mimi nikiwa shule, na jina la shule nalihifadhi, niliambiwa na mtu mzima mbele ya darasa zima kwamba kichwa changu hakina kitu na mwisho wangu ni kusukuma mkokoteni sokoni. Darasa likacheka. Viboko vya siku ile nimevisahau kabisa, ila kicheko kile nilikibeba miaka zaidi ya kumi. Kila nilipotaka kujaribu kitu, fomu, usaili, biashara, kilikuwa kinanitangulia mlangoni. Nina hakika hata wewe unayesoma unalo lako. Kuna binti aliyeambiwa ana sura mbaya, kuna kijana aliyeambiwa ukoo wao una laana, kuna aliyeambiwa na baba mzazi kwamba bora asingezaliwa. Waraka wa Yakobo, sura ya 3, unaufananisha ulimi na moto, na aliyeuandika hakutia chumvi.

Kwa hiyo swali langu kwa Rebmann lilikuwa moja. Aliishije na moto ule? Barua na magazeti ya Ulaya yalifika Rabai kwa meli, yamechelewa miezi, na ndani yake anakuta watu wanaocheka. Hana simu, hana intaneti ya kujibu siku ileile. Nimetazama maisha yake na nimeona mambo matatu.

La kwanza, alijibu kwa hoja. Msije mkadhani imani ni kunyamaza kama gogo. Yeye na Krapf walieleza wazi: huyu amesoma Uswisi na anaijua theluji anapoiona, wenyeji wanasimulia kitu kinachogeuka maji mkononi, na mlima unaonekana mweupe siku baada ya siku. Akaeleza alichoona, akarudi kazini. Hakuyafanya maisha yake kuwa kesi na Cooley, na hakufunga safari ya kurudi London kupigania jina lake.

La pili, alibaki pale alipoitwa. Na msidhani pale alipoitwa palikuwa raha. Mwaka 1851 alioa mjane mmoja, Emma, aliyekuwa akifanya kazi ya misheni Cairo. Mtoto wao wa kiume alikufa akiwa mchanga sana. Vita vya Wamasai vilifika karibu na Rabai, wakalazimika kukimbilia Unguja kwa muda. Emma akafariki 1866, baada ya miaka 15 ya ndoa. Waumini walikuwa wachache mno, wa kuhesabika kwa vidole. Wa mwanzo kabisa alikuwa mlemavu, Mringe, mtu ambaye wengine hawakumpa nafasi. Hesabu za kibinadamu zilisema mzee wa watu ameshindwa mara mbili: mlima wake hauaminiki na kanisa lake halijai.

La tatu, aliyageuza masikio yake kuwa kazi. Wakati wasomi wa London wanamwambia hajui kuona, yeye alikaa kusikiliza watu. Alikusanya maneno ya Kirabai na ya Kiswahili. Pale Mombasa alikutana na mtumwa mmoja, Salimini, aliyetekwa upande wa magharibi wa Ziwa Nyasa, akaanza kuandika maneno ya lugha yake. Wana-Kyela, sikieni hiyo! Ziwa letu hili hili, ng'ambo tu ya Matema. Mtu ambaye neno lake limedharauliwa Ulaya anakaa na mtu ambaye dunia imemfanya bidhaa sokoni, na anamwambia kwa vitendo kwamba kila neno lake lina thamani ya kuandikwa. Kamusi ile ilichapishwa 1877. Injili ya Luka aliyoitafsiri kwa Kiswahili ilichapishwa 1876. Kazi yake ya maneno ya Kiswahili ilimsaidia pia Krapf katika kamusi kubwa iliyotoka 1882.

Mimi hapo ndipo ninapoona imani yenyewe ilipo. Mtu aliyejeruhiwa kwa maneno alitumia maisha yake kuyaokota maneno ya wengine mmoja mmoja.

Lakini tusimfanye malaika. Wakati huo watu wa Rabai na jirani zao waliitwa Wanyika, yaani watu wa porini, jina la dharau ambalo leo limeachwa na wenyewe wanajiita Mijikenda. Rebmann na Krapf walilitumia jina hilo bila wasiwasi, na katika maandishi yao mna maneno makali juu ya mila za wenyeji. Naandika hili makusudi. Aliyeumizwa na ulimi anaweza naye kuumiza kwa ulimi wake, tena bila kujua. Kupona siyo tu jeraha lako lifunge, ni pamoja na kuangalia mdomo wako unamwachia nani jeraha.

Wala hakuwa sahihi kila mahali. Mwaka 1855 mwenzao Jakob Erhardt, akisaidiana na Rebmann, alichora ramani ya bara kutokana na habari za wafanyabiashara wa misafara. Humo ziwa moja kubwa la ajabu lilionekana kama koa, yule mdudu anayefanana na konokono asiye na gamba. Watu wakacheka tena. Na kweli hakuna ziwa moja, yako matatu: Nyasa, Tanganyika na Viktoria. Ila kichekesho kile kiliwafanya wakubwa wa London watume watu kutazama. Burton na Speke walipita kwa Rebmann Januari 1857 kabla ya safari yao, na mwaka 1858 Speke akaliona Ziwa Viktoria. Unaona? Hata kosa la mtu mwaminifu lilifungua njia kuliko uhakika wa mtu aliyekaa maktaba.

Na ile theluji je? Mwaka 1861 Mjerumani tajiri, Baron Karl Klaus von der Decken, alipanda Kilimanjaro kidogo akiwa na mjiolojia Richard Thornton. Mwaka 1862 akarudi na Otto Kersten, wakafika mita 4,200 hivi, na theluji ikawaangukia huko huko. Mjadala ukaisha, isipokuwa kwa Cooley. Yeye aliendelea kubisha hata baada ya hapo! Mwaka 1864 Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilitoa medali ya dhahabu kwa kazi ya Kilimanjaro. Ilikwenda kwa Decken. Rebmann wakati huo alikuwa Rabai, na kikundi chake kidogo, na kamusi zake.

Ngoja niseme wazi jambo ambalo mahubiri mengi hayalisemi. Sisi tunapenda ushuhuda wenye mwisho wa shangwe: walionicheka sasa wananiomba kazi. Rebmann hakupata mwisho huo. Macho yake, yale yale yaliyodhihakiwa, yalianza kufa kweli. Sir Bartle Frere alipotembelea Rabai mwaka 1873 alimkuta mzee karibu kipofu, na waumini wachache wakimzunguka. Mwaka 1875 alirudi Ulaya baada ya miaka 29, na aliyemshika mkono njiani ni kijana wa Rabai, Isaac Nyondo, mtoto wa mmoja wa waumini wa mwanzo. Alifariki Korntal, karibu na alikozaliwa, tarehe 4 Oktoba 1876. Cooley aliishi zaidi ya miaka sita baada yake.

Kwa hiyo ukinuliza imani ilimfanyia nini, sitakwambia ilimpa ushindi. Ilimpa mahali pa kusimama ambapo kicheko hakifiki. Rudini kwenye ile picha ya Mei 1848. Kabla London haijajua chochote, kabla mtu yeyote hajamsifu wala kumtukana, alikaa chini akasoma Zaburi na kumshukuru aliyeuumba mlima. Thamani ya siku ile ilishalipwa pale pale. Cooley alikuja kuchelewa, akajaribu kumnyang'anya kitu ambacho hakikuwa mikononi mwa Cooley.

Hili lilinisaidia mimi. Kwa miaka yote ile nilikuwa nasubiri siku ya kumwonyesha yule mtu mzima kwamba kichwa changu kina kitu. Kumbe kusubiri kule ndiko kulikokuwa kamba. Maana kama furaha yako inategemea aliyekutukana akiri, basi ufunguo wa nyumba yako anao yeye, na huenda, kama Cooley, asikiri mpaka anaingia kaburini. Niliposali sala ya kumwachilia, sikuona nuru wala sikusikia sauti. Niliendelea tu na kazi kesho yake, na kesho kutwa, na siku moja nikagundua kicheko kile hakinitangulii tena mlangoni.

Kuna kijana aliwahi kuniuliza, akitokea Iringa, pale Kihesa: kama neno baya limesemwa na mzazi, au na mchungaji, utaachiliaje? Ndugu yangu, kuachilia si kusema kwamba halikuuma, wala si kurudi kukaa karibu na anayeendelea kukuchoma. Kama anakuumiza, mwambie mtu unayemwamini, ondoka hapo ikibidi. Rebmann hakusema Cooley ana haki. Alisema ameiona theluji, na hakubadili neno. Ukweli wako usiuuze ili upendwe. Ila usiwaachie pia waliokuchafua wakupangie ratiba ya maisha.

Na ndugu zangu Waislamu mliofika mpaka hapa, asanteni, hii si ya Wakristo peke yao. Shahidi wa kwanza wa Rebmann alikuwa Bwana Kheri, mtu wa pwani aliyetamka neno moja tu, baridi, na neno lile lilikuwa la kweli kuliko kitabu kizima cha msomi. Neno moja la kweli kutoka kinywani mwako linaweza kumsimamisha mtu miaka thelathini. Ni nani leo anahitaji ulitamke kwa ajili yake?

Namalizia na hili. Upande wa kusini wa Kilimanjaro kuna barafu inayoitwa kwa jina lake, Barafu ya Rebmann. Wanasayansi wamepima, barafu za mlima ule zimepungua sana tangu wakati wake, na zinaendelea kupungua. Inawezekana watoto wa watoto wetu wasiione kabisa, na ushahidi uliomtoa Rebmann aibu ubaki kwenye picha tu. Angekuwa ameijenga nafsi yake juu ya theluji ile, ingeyeyuka nayo. Aliijenga kwingine.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Neno gani lilikuchoma, na ulitokaje? Andikeni hapo chini, ila kwa heshima, tusichomane tena. Mungu awabariki.